Herufi Mbili Chini ya Waridi

Kwenye ukuta wa magharibi wa nyumba ya Marlpit, kando ya mlango mdogo wa kutokea bustani ya matufaha, palikuwa na herufi mbili na mwaka, vimechorwa kwa ncha ya mwiko saruji ikiwa bado mbichi: H.B. 1967. Kwa miaka kumi na miwili kila aliyetokea mlango ule aliweza kuzisoma. Baada ya hapo hakuna aliyezisoma tena, kwa sababu asubuhi moja Winifred Borrett alichukua kamba ya katani, akalivuta tawi nene la waridi, akalifunga juu ya herufi zile kama mtu anayefunga kitambaa juu ya kidonda.

Yeye ndiye aliyezitaka ziandikwe. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Aliolewa Marlpit akiwa na miaka thelathini na mmoja, binti wa mwalimu mkuu, naye mwalimu wa shule ya kijiji cha Brundham, huko Suffolk. Ukoo wa Borrett ulikuwa umekaa kwenye nyumba ile vizazi tisa. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, na udongo wake ulichimbwa palepale uani. Shimo lililobaki lilijaa maji, likawa bwawa la bata. Waliofinyanga matofali yale waliacha alama za vidole vyao, na tofali moja kwenye sakafu ya jikoni lilikuwa na wayo wa mbwa aliyekatiza siku matofali yalipoanikwa, miaka mia tatu iliyopita. Watoto wote wa Borrett walitia vidole vyao kwenye wayo ule kabla hawajajua kusema. Ukutani, mstari mmoja wa matofali ulilala ubavu na mstari uliofuata ulionyesha vichwa, yaani zile ncha fupi za matofali. Vichwa vilivyoungua sana tanurini vikageuka rangi ya samawati iliyokoza, na waashi wa zamani walivipanga vikachora umbo la almasi kubwa lililoonekana tangu barabarani. Madirisha mawili ya juu yalizibwa enzi ambapo kila dirisha lilitozwa kodi, na hayakufunguliwa tena. Siku ya kwanza Winifred alisema nyumba inakonyeza. Mama mkwe wake hakucheka.

Lakini aliipenda. Alijifunza mahali ubao unapolia, jiko gani linavuta moshi upepo ukitoka mashariki, na jinsi kuta zinavyotoa harufu ya mkate mvua ikikatika. Yeye na Hedley hawakupata mtoto. Vidole vya mwisho kwenye wayo wa mbwa vilikuwa vya Hedley. Jina la Borrett likabaki halina wa kulirithi, na kitu kisicho na mrithi huwa kizito kwa anayekibeba.

Mwaka 1967 dohani kubwa ya kutolea moshi juu ya paa ilianza kuinama, wakamwita Percy Ling. Percy alikuwa mwashi, mtoto wa mwashi, na mikono yake ilikuwa imechanika kwa chokaa hata hakuweza kuifumba sawasawa. Alisimamisha jukwaa lake la mbao kuuzunguka upande wote wa magharibi, akaifumua dohani, akaijenga upya. Siku aliyoshuka, Hedley alimngoja chini huku Winifred akileta chai.

"Percy, kabla hujaondoka nijazie na huu ukuta. Chokaa yote imekwisha kati ya matofali. Tazama, kidole kinaingia."

"Nitakujazia, Bwana Borrett. Chokaa na mchanga. Wiki tatu."

"Chokaa tena! Tuko mwaka sitini na saba, bwana. Nimeshanunua saruji, mifuko iko ghalani."

"Ijengee zizi la nguruwe."

Hedley alicheka. Percy hakucheka. Alibandua kipande cha tofali kwa ukucha, akakisaga kwenye kiganja kikawa unga.

"Hili ni laini kama mkate, bwana. Linakunywa mvua, na likishakunywa sharti litoke jasho. Jasho linatokea kwenye chokaa. Ukiziba njia kwa saruji, maji yatabaki ndani ya tofali. Halafu ije barafu ya Januari." Alipiga makofi mara moja. "Uso wote wa tofali, chini."

"Babu yako naye aliogopa baiskeli, nasikia."

"Aliogopa, ndiyo. Na hakuwahi kuanguka nayo."

Winifred alikuwa ameshika birika. Alisikia neno kwa neno.

Percy alikataa kazi, akaliacha jukwaa lake mwezi mzima kwa sababu Hedley alimwomba amwazime. Jioni za mwezi wa Juni Hedley alipanda mwenyewe na mwiko, akijaza saruji ya kijivu kati ya matofali, mstari baada ya mstari. Alikuwa mtu mwenye subira na jicho zuri. Alipomaliza, ukuta ulinyooka kama daftari la mwanafunzi bora, na Winifred, aliyekuwa amekaa miaka mingi akisahihisha madaftari, alisimama bustanini akajisikia fahari kifuani.

"Jina na tarehe, Hedley," alimwambia. Ndivyo alivyowaambia watoto kila asubuhi. "Kazi bila jina na tarehe siipokei."

Hedley akacheka, akainama kando ya mlango, akaandika. Novemba ile Winifred alipanda waridi pembeni, si kwa kuficha kitu, bali kupamba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hedley aliuziba ufa, na kwa kuuziba akaubomoa ukuta. Yeye hakuishi kuliona hilo. Moyo wake ulisimama shambani katikati ya viazi vya sukari vya kiwandani mwaka 1974, na Winifred alimzika akiamini ameacha nyuma yake kazi njema ya kukumbukwa.

Baridi kali ya mwaka 1979 ndiyo iliyoanza. Barafu ilipoyeyuka aliona njia ya bustanini imejaa vipande vyekundu, vyembamba kama biskuti. Alitazama juu. Nyuso za matofali zilikuwa zimebanduka. Saruji ya Hedley haikuguswa. Ilijitokeza mbele, mistari iliyonyooka, na katikati yake matofali yameliwa hadi ndani, kama sega lililonyonywa asali. Ile almasi ya samawati ilikuwa imeanza kupotea.

Wiki hiyohiyo mke wa kasisi alikuja kuchukua mayai, akakanyaga vipande vile.

"Jamani, Bi. Borrett! Ukuta mzuri namna hii! Nani kawafanyia kazi mbaya hivi?"

Winifred alikuwa na muda wa kutosha kujibu. Hata baadaye, alipokuwa akijitetea moyoni, hakuweza kusema alishtukizwa. Aliitazama njia, akawaza Hedley akitajwa kwenye chai ya kanisa, Hedley aliyekufa na asiyeweza kujibu, Borrett wa mwisho, aliyeiua nyumba ya baba zake kwa mikono yake.

"Akina Ling ndio waliokuwa na jukwaa hapa mwaka ule," alisema.

Kila neno lilikuwa la kweli. Mwalimu wa sarufi hasemi uongo. Anachagua tu sentensi ipi aiseme. Mke wa kasisi alipoondoka, Winifred alikwenda ghalani kutafuta kamba.

Mwaka uliofuata ukuta wa uwanja wa kanisa ulihitaji kujengwa, na watu wa mjini wakapewa kazi. Kisha shule, kisha nyumba za wazee. Hakuna aliyemtukana Percy Ling. Walimsalimu vizuri tu, wakaita wengine. Mwishowe alipata kazi ya kufagia kiwanda cha sukari, yeye aliyeweza kutazama ukuta kutoka barabarani akakwambia ulijengwa na nani. Alikufa mwaka 1985. Winifred alikwenda mazikoni akiwa na kofia yake nyeusi, akakaa benchi la tatu, akaimba beti zote.

Januari ya 1991, alipoona mlango mdogo haufungiki tena, aliwaita mafundi watatu. Wawili walitaka kupaka saruji nyingine juu. Wa tatu alisema hizo nyumba za zamani zina mtu mmoja tu anayeziweza, naye ni Clement, mtoto wa marehemu Percy Ling.

Alikuja siku ya Jumanne, mtu wa makamo sasa, nywele zimeanza kupungua, lakini alisimama mlangoni vilevile alivyosimama darasa la tatu.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri, Clement. Futa miguu."

Akafuta, ingawa alikuwa hajaingia ndani. Alizunguka nyumba, akapitisha kiganja ukutani, akaning'iniza timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia unyofu, kutoka dirisha la juu. Uzi ulikaa mbali na ukuta pale juu, ukagusana nao katikati, ukaachana nao tena chini.

"Umetoka tumbo," alisema. "Ngozi ya nje imeachana na ya ndani. Zilikuwa zimeshikamana kwa yale matofali ya vichwa yanayopenya hadi ndani, na vichwa vimekatika."

"Utapona?"

"Tukianza wiki hii. Naweka magogo ya kuuegemeza, natoa saruji yote kwa tindo, pole pole. Naufunika mpaka Aprili, maana chokaa haijengwi kwenye baridi. Lakini kwanza hili waridi liondoke."

"Waridi haliguswi."

"Mwalimu, limeshika ukuta mzima. Mizizi yake imo msingini."

"Fanya kwingine kote. Hapa mlangoni acha, hatua moja kila upande."

"Jino bovu haling'olewi nusu."

"Nimesema haliguswi, Clement Ling!"

Sauti ile ilikuwa imenyamazisha madarasa kwa miaka ishirini na sita. Clement alikunja uzi wa timazi taratibu, akautia mfukoni. Halafu akauliza, macho yake yakiwa kwenye tawi lile nene na kamba yake iliyooza:

"Kazi hii ilifanywa na nani, Mwalimu?"

"Zamani sana hiyo."

"Watu wanasema baba yangu."

"Watu husema mengi."

"Wanasema wewe ndiye uliyesema."

Kunguru walilia juu ya dohani ya Percy, iliyosimama wima bila ufa hata mmoja.

"Nilisema akina Ling walikuwa na jukwaa hapa mwaka ule," alijibu Winifred. "Nilisema hivyo tu."

"Ni kweli," akasema Clement. "Jukwaa lilikuwa letu." Akavaa kofia yake. "Ukibadili mawazo nipigie simu kabla barafu haijaingia. Ikishaingia, hata Mungu hatauegemeza huo."

Aliinua simu siku ya Jumatano. Aliinua tena Ijumaa, akazungusha namba zote isipokuwa moja. Mkono wake ulijua kilichokuwa kwenye mizani: akikata waridi, nyumba inapona na Hedley anafedheheka, akiacha waridi, Hedley anabaki salama chini ya majani na nyumba inakufa. Angeweza kuikosa nyumba, alijiambia. Nyumba ni matofali. Aliirudisha simu mahali pake.

Barafu iliingia Februari, ikakaa siku kumi. Jirani yake, Olive Garrod, aliyehamia Brundham kutoka Norfolk na aliyekuwa hasikii vizuri ila kwa kile chombo chake kilichopiga mluzi sikioni, alikuja na mtungi wa mchuzi wa maharage.

"Winnie, shoga yangu, ukuta wako una mimba," alisema akitazama juu. "Baba yake nani?"

"Njoo ndani, utapata kichomi."

"Nani? Kichomi?" Olive akacheka peke yake. "Basi mtoto atakuwa mkali."

Usiku ule Winifred hakulala chumbani kwake. Alijiambia ni kwa sababu ya baridi, akatandika kitanda jikoni, na kwa hilo akapona.

Alhamisi jua lilitoka na barafu ikaanza kudondoka kwenye vigae. Saa tatu asubuhi alikuwa akipaka siagi kwenye mkate aliposikia sauti, si kubwa, kama gari likimwaga viazi vya sukari. Vikombe vilitikisika kwenye ndoano zao. Vumbi jekundu likaja likapita chini ya mlango wa jikoni, likatanda kwenye sakafu, likajaza wayo wa mbwa.

Alipotoka nje, nyumba ilikuwa wazi kama kabati lisilo na mlango. Chumba chake kilionekana chote: kitanda cha ndoa, shuka zake, karatasi ya maua iliyochujuka ukutani, kiti chake cha choo cha usiku ambacho hata daktari hakuwahi kukiona. Mtu yeyote barabarani angeweza kuvisoma. Ukuta ulilala bustanini, matofali yamekuwa udongo tena, mengi yao yakisagika yenyewe kwa unyevu. Waridi lilikuwa chini kifudifudi.

Kipande kimoja tu kilikuwa kizima, na ukubwa wake ulikuwa kama wa meza ndogo. Kando ya mlango Hedley alikuwa ameweka saruji nyingi zaidi, na saruji ile ilikuwa imeyashika matofali yake sita kwa nguvu isiyokubali kuachia. Kilianguka chali. Tawi lilikuwa limekatika. H.B. 1967, safi kama siku ile, pamoja na nukta zake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Winifred alivuka kifusi kwa viatu vyake vya mpira, akapanda juu ya kile kipande, akasimama, miguu pamoja.

Hapo ndipo Olive alipomkuta, na hapo ndipo Clement alipomkuta nusu saa baadaye, alipokuja na magogo na turubai. Hakuwa ameitwa na Winifred. Olive ndiye aliyempigia.

"Mwalimu, shuka. Paa halijashikwa na kitu."

Hakushuka. Clement alisogea karibu, akatazama chini, pale kona ya herufi H ilipochungulia kando ya kiatu.

"Unadhani sijui?" alisema kwa sauti ya chini. "Baba aliziona siku alipokuja kuchukua jukwaa lake. Maneno yalipoenea nilikuwa kijana, nilitaka kuja na panga nilikate hilo waridi mchana kweupe. Akanikataza. Akasema, nani atamwamini Ling mbele ya Borrett? Akasema, mwache mwanamke wa watu, ukuta utasema wenyewe."

"Alisema hivyo?"

"Alikuwa amekaa anavua viatu, ametoka kufagia kiwanda. Akasema na mimi nikanyamaza. Miaka kumi, Mwalimu."

Winifred alimtafuta yule mtoto wa darasa la tatu usoni mwa mtu yule, hakumpata. Aliteremka. Alifanya hivyo polepole, mguu mmoja kisha mwingine, na saruji ya Hedley ikabaki inatazama mbingu.

"Kimeandikwa nini hapo?" Olive aliuliza, akinyoosha shingo.

"Jina la Hedley."

"La nani?"

"La Hedley! Kazi hii aliifanya Hedley, si Percy Ling. Percy alimkataza, nami nilikuwepo."

Chombo cha Olive kilipiga mluzi. Alikigonga kwa kidole. "Subiri, Winnie. Umesema Percy ndiye aliyefanya?"

Watu wawili waliokuwa wakielekea posta walikuwa wamesimama kwenye ua wa miti, wakitazama kitanda chake. Winifred aliwaona. Alinyoosha mgongo, akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti ya darasani inayofika benchi la nyuma:

"Ukuta huu uliharibiwa na mume wangu, Hedley Borrett. Percy Ling alisema ungeanguka, na kwa sababu hiyo alikataa kuugusa. Mimi nilijua. Nikaacha watu waseme ni yeye."

Barafu iliendelea kudondoka. Safari hii chombo cha Olive hakikupiga mluzi.

Clement alifanya kazi hadi saa kumi, akaegemeza boriti za paa, akapigilia turubai. Hakumtazama tena Winifred, wala hakuwa mkali. Alipomaliza alipakia vifaa vyake, akasimama karibu na kile kipande.

"Nitaujenga ukuta wako, Mwalimu. Kwa chokaa. Kuanzia Aprili, si kabla. Lakini hiki nakichukua."

"Cha nini?"

"Nitakiweka mbele ya karakana yangu, barabarani. Wateja wakija kuniomba saruji, waone."

Winifred aliitazama barabara. Barabara ile ndiyo ya kwenda kanisani. Hakukuwa na nyingine.

"Kichukue," alisema. "Lakini kioshe kwanza. Kina matope."

Kilioshwa. Kipo hadi leo, kimesimamishwa juu ya magogo mawili, herufi zinatazama barabara. Machi yote Winifred aliishi jikoni, turubai likipiga kelele upande wa pili wa nyumba kama mtu anayekung'uta mkeka usioisha vumbi. Kila Jumapili alipita mbele ya karakana akiwa na kofia yake nyeusi. Watu walimsalimu vizuri tu. Wengi hawakuja tena kununua mayai yake.

Aprili ilipofika, Clement alianza. Lakini ukuta wa chokaa haupandi haraka; kila mistari michache hungojwa ikauke. Ulikuwa umefika kiunoni Winifred alipoanguka na kupelekwa hospitali, na ulikuwa umefika kwenye dirisha la kwanza alipozikwa karibu na Hedley, chini ya jiwe lililokuwa limeshaandikwa jina lake tangu 1974, likingoja tarehe tu.

Clement aliujenga hadi juu. Vile vichwa vya samawati vilivyookolewa alivirudisha mahali pake, na palipopungua aliacha pekundu tu, hivyo almasi ile haikukamilika. Kwenye kazi ile hakuandika jina wala tarehe.